Mkaguzi Akisema Uvumbuzi Wako ni Dhahiri: Namna ya Kujenga Rufaa ya Hataza

Barua ya kukataliwa ombi la hataza, ile haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi wako, huwa na kurasa chache tu, na fundi huruka moja kwa moja hadi mwisho: ombi halina hatua ya uvumbuzi, yaani kitu chako ni dhahiri. Kisha husema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nayamalizia mimi: "Kama ni dhahiri, mbona Kamukunji nzima hakuna aliyeitengeneza?"

Swali ni zuri, ila peke yake halishindi rufaa. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 24, haiulizi nani ametengeneza na nani hajatengeneza. Inauliza hivi: tukiangalia yote yaliyokwisha kujulikana yanayohusu jambo hili, je, siku ulipowasilisha ombi lako, mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo angeliona jambo hili kuwa dhahiri? Tena kujulikana kwenyewe hakuishii Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi. Maandishi yaliyochapishwa Japani miaka arobaini iliyopita, ambayo hakuna fundi wa Nairobi aliyewahi kuyagusa, yanahesabika sawa na jiko lililoko kwa jirani.

Kwa hiyo kazi ya rufaa ni moja, nayo ni kuonyesha kwamba njia aliyopita mkaguzi, kutoka kwenye nyaraka alizotaja hadi kwenye dai lako, yaani sentensi ya ombi inayotaja unachotaka kilindwe, ina mahali imekatika. Kulisifu jiko hakusaidii. Jopo la Mali ya Viwandani, linalosikiliza rufaa hizi, halijaketi kuamua kama kitu chako ni kizuri.

Nitatumia mfano wa kubuni ili tusiongee hewani. Fundi ana jiko la mkaa lenye udongo ndani. Sufuria ikikaa juu, uzito wake unabonyeza kibao, na mlango wa hewa wa chini unafunguka. Sufuria ikiinuliwa, wenzo ulio nje ya mwili wa jiko, wenye kipande cha chuma cha uzito upande wa pili, unaufunga mlango wenyewe. Mkaa hauliwi bure wakati mama amekwenda kumimina ugali. Mkaguzi amekataa akitaja nyaraka mbili. Wa kwanza ni jiko la mkaa lenye mlango wa hewa unaosukumwa kwa mkono. Wa pili ni jiko la gesi lenye kibao cha springi kinachokata gesi sufuria ikiondolewa. Ameandika: fundi angeunganisha hivi viwili ili kuokoa mkaa.

Kwanza kabisa, tarehe

Hesabu siku za rufaa kuanzia tarehe iliyo kwenye uamuzi, si siku ulipofungua bahasha. Nenda masijala ya Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, South C, uulize siku yako ya mwisho ni ipi, na uiandike juu ya faili kwa kalamu nene.

Halafu tazama tarehe za nyaraka alizotaja mkaguzi. Udhahiri hupimwa kwa siku ya ombi lako, au siku ya kipaumbele, yaani tarehe ya ombi lako la kwanza, kama ulidai kipaumbele kutoka nchi nyingine. Waraka uliotoka baada ya hapo lazima uulizwe umeingiaje humu. Na kama kilichotajwa ni video yako mwenyewe uliyoweka mtandaoni ukijivunia kazi yako, usikate tamaa mapema: sheria ya Kenya inasamehe utangazaji uliofanywa na mwombaji mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi. Mkaguzi huenda hakujua kwamba akaunti ile ni yako. Mwambie, na uthibitishe. (Usichukue msamaha huu ukaenda nao Ulaya. Kule video hiyohiyo inakuzika.)

Neno moja kwa ambaye bado hajakataliwa rasmi, ila anaona barua za mkaguzi zinaelekea huko. Kenya ina cheti cha modeli ya matumizi, ambacho kinadumu miaka 10 badala ya 20 ya hataza, na hakidai hatua ya uvumbuzi. Kinadai upya na kufaa kwa matumizi ya kiwanda. Ombi la hataza laweza kugeuzwa kuwa ombi la cheti hicho kabla hataza haijatolewa wala kukataliwa. Baada ya kukataliwa, mlango huo umefungwa. Kwa mafundi wengi wa jua kali ninaowafahamu, miaka 10 ya uhakika ni bora kuliko miaka 20 ya kubishana, ingawa wachache hupenda kusikia hivyo. Neno hataza lina utamu wake.

Vunja dai vipandevipande

Chukua dai la kwanza, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na ulikate kwenye karatasi: jiko la mkaa, mlango wa hewa chini, kibao kinachobonyezwa na sufuria, wenzo ulio nje ya mwili, kipande cha uzito, kujifunga sufuria ikiinuliwa. Mbele ya kila kipande andika ukurasa na mstari wa waraka wa kwanza unaokionyesha, kisha wa pili. Pasipo na kitu, acha wazi.

Hapa ndipo wengi hugundua kwamba wanachokipigania hakimo kwenye dai. Fundi atakueleza kwa nusu saa jinsi udongo wake unavyochanganywa na majivu ya pumba za mchele, kumbe dai halitaji udongo hata mara moja. Jopo hupima dai. Kilicho kichwani mwako, na hata kilicho kwenye maelezo bila kuingia kwenye dai, hakiwezi kukubeba.

Katika mfano wetu, nafasi zilizobaki wazi kwenye nyaraka zote mbili ni wenzo wa nje na kipande cha uzito. Kibao kinachohisi sufuria kimo kwenye waraka wa pili. Nitasema ukweli ambao wakala anayetaka ada yako huenda asiuseme: wazo kuu, lile la moto kupungua sufuria ikiondoka, limekwenda. Usilipiganie. Rufaa inayong'ang'ania wazo lililokwisha kupotea huwafanya wasikilizaji wasiamini hata hoja nzuri inayofuata.

Huyu mtu mwenye ujuzi ni nani?

Si wewe. Si fundi bora wa Gikomba, wala si profesa. Ni mtu wa kufikirika ambaye sheria imemuumba: anajua kila kinachojulikana kwa kawaida katika fani yake, anaweza kusoma kila waraka unaohusika bila kuchoka, mikono yake ni stadi, lakini cheche hana. Ukimpa tatizo la kawaida atalitatua kwa njia ya kawaida.

Usimfanye mjinga sana, kwa kuwa ndiko wengi wanakoteleza. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya mwaka 2007 iliyohusu pedali ya gari yenye kihisi cha elektroniki, ilisema mtu huyu ana ubunifu wa kawaida; si roboti. Anaweza kuunganisha vipande kama mtu anayepanga fumbo la picha. Uamuzi wa Marekani haulifungi Jopo la Kenya, na wa Uingereza pia haulifungi, ila husikilizwa kama hoja ya kushawishi, hasa wa Uingereza kwa sababu ya historia ya sheria zetu.

Unachopaswa kubishania ni fani yake. Mkaguzi wetu amemchukua fundi wa majiko kwa jumla, wa mkaa na wa gesi pamoja. Je, anayetengeneza jiko la mkaa angekwenda kutafuta jibu kwenye vali za gesi? Mimi nadhani jibu ni ndiyo, angeweza kwenda. Vyote ni vya kupikia, jikoni ni mlemle. Kwa hiyo nisingepoteza ukurasa hapo. Lakini kama waraka wa pili ungekuwa unahusu vali za injini ya meli, hapo ningesimama na kupiga kelele.

Andika tatizo bila kulipaka jibu

Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina utaratibu wa ngazi tatu ambao hata asiyeomba huko anaweza kuuazima kwa manufaa. Chagua waraka ulio karibu zaidi na uvumbuzi wako. Tafuta tofauti, na kutokana na tofauti hiyo uandike tatizo la kiufundi ambalo tofauti inalitatua. Kisha uliza kama mtu mwenye ujuzi, akiwa na waraka ule mkononi na tatizo lile kichwani, angefika ulikofika.

Ngazi ya pili ndiyo penye mtego. Ukiandika "tatizo ni namna ya kufunga mlango wa hewa kwa wenzo wa nje wenye kipande cha uzito," umeshajibu ndani ya swali, na bila shaka kila mtu ataona ni dhahiri. Mkaguzi naye hufanya hivyo bila kukusudia, kwa sababu amesoma ombi lako kwanza. Kagua sentensi yake ya tatizo. Ukikuta humo neno lolote linalotokana na uvumbuzi wako na halimo kwenye nyaraka za zamani, umepata kasoro ya kwanza ya uamuzi.

Tatizo la haki hapa ni hili: kupunguza mkaa unaoungua bure pasipo mpishi kugusa mlango, kwa kifaa kitakachodumu karibu na moto.

Daraja kati ya nyaraka mbili

Hapa ndipo rufaa nyingi zinapoamuliwa, kwa hiyo tutulie kidogo.

Kiswahili kinatusaidia kwa maneno mawili: angeweza, na angefanya. Mtu mwenye ujuzi angeweza kufanya mambo chungu nzima. Angeweza kuondoa springi ya jiko la gesi na kuibandika kwenye la mkaa. Bodi za rufaa za Ulaya zimeshikilia tangu miaka ya 1980 kwamba hilo halitoshi. Lazima ionekane kwamba angefanya, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichomsukuma kuelekea huko. KSR yenyewe, pamoja na kumpa mtu huyu ubunifu, inataka sababu ya kuunganisha iwekwe wazi. Kwa hiyo soma barua ya mkaguzi ukitafuta sentensi ya "kwa sababu". Wakati mwingine haipo kabisa. Zipo nyaraka mbili na neno "dhahiri", basi.

Mkaguzi wetu ametoa sababu: kuokoa mkaa. Hiyo ni sababu ya kutaka matokeo. Haijaeleza kwa nini afuate njia hii. Kila mpishi anataka kuokoa mkaa. Kinachotakiwa ni kitu kinachomtoa fundi kwenye mlango wa mkono na kumfikisha kwenye wenzo wa nje wenye uzito.

Jenga hoja yako kwa kumfuata fundi huyo hatua kwa hatua. Anaanza na jiko la mkaa la mlango wa mkono. Anasoma waraka wa gesi. Anakutana na springi chini ya kibao. Akiihamishia kwenye mkaa kama ilivyo, itakaa ndani, karibu na makaa, na chuma cha springi kikishika joto kali hulegea. Hivyo nyaraka mbili zikiunganishwa kama zilivyoandikwa hazizai dai lako. Zinazaa jiko lenye springi ndani, lisilodumu. Ili kufika kwenye dai, fundi lazima apige hatua nyingine ambayo hakuna waraka unaomfundisha: kutoa utaratibu wote nje na kubadilisha springi kwa uzito.

Sasa kaa kwenye kiti cha mkaguzi. Atasema kila fundi anajua springi hulegea kwa moto, na kila fundi anajua uzito unaweza kufanya kazi ya springi. Mizani ya sokoni ni ushahidi. Ni jibu zuri. Na kama maelezo ya ombi lako yana sentensi "kama ijulikanavyo, springi hulegea kwa joto", umempa kisu wewe mwenyewe. Sentensi hiyo ina makali pande mbili: inakuthibitishia faida ya uzito, na papo hapo inamthibitishia kwamba tatizo lilikuwa linajulikana. Jibu lililobaki ni kwamba kujua springi hulegea humfanya fundi wa kawaida atafute springi ya chuma bora au aikinge kwa udongo, na hapo lazima uonyeshe waraka, kitabu cha mafunzo, au kiapo cha mtu wa fani kinachosema hivyo ndivyo mafundi walivyokuwa wakifanya siku zile. Maneno matupu ya wakili hayasimami kama ushahidi.

Tafuta pia mahali ambapo waraka wa mkaguzi mwenyewe unamzuia fundi. Tuseme waraka wa kwanza unaonya kwamba mlango usifungwe kabisa makaa yakiwaka, kwa kuwa hewa ikibanwa gesi ya sumu, ile monoksidi ya kaboni, huongezeka. Hapo una hoja yenye nguvu: dai lako linafunga mlango, na waraka wa karibu zaidi ulimwambia fundi asifunge. Ila onyo lazima liwe onyo. Waraka kupendekeza njia moja si sawa na kukataza nyingine.

Na tazama jambo hili, kwa sababu limewaponza watu. Tuseme una dai la nne, jembamba zaidi, linalosema mlango ukijifunga huacha upenyo mdogo. Hofu ikikushika ukaamua kurudi nyuma hadi dai hilo, umeitupa hoja yako bora. Kuacha upenyo ndicho hasa waraka wa kwanza unachofundisha! Dai jembamba si lazima liwe dai salama. Pima kila dai la akiba dhidi ya hoja unazotaka kutumia kabla hujalishika.

Kosa jingine: kushambulia kila waraka peke yake. "Waraka wa kwanza hauna kibao. Waraka wa pili hauna mkaa." Mkaguzi hakusema unavyo. Alisema vikiunganishwa. Mahakama za Marekani zimekuwa zikiitupa hoja ya aina hii kwa miongo, na sioni sababu Jopo lolote liivumilie.

Werevu wa baada ya jambo

Sema wazi kwamba uamuzi umetazama nyuma kutoka kwenye jibu, lakini usiishie kulalamika. Onyesha mahali. Ni kipande gani mkaguzi amekichagua kutoka kwenye waraka wa pili, na kipi amekiacha, na ni nini kingemwongoza fundi achague hicho tu kama hajaona jiko lako? Ukiweza kuuliza swali hilo kwa kuelekeza kidole kwenye mstari, shutuma inakuwa hoja.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliweka mpangilio wa maswali manne katika Windsurfing International dhidi ya Tabur Marine, ripoti za mwaka 1985, na mwaka 2007 ikaupanga upya katika kesi ya Pozzoli: mtu mwenye ujuzi ni nani na anajua nini, kiini cha dai ni kipi, tofauti ni ipi, na bila kuujua uvumbuzi, je, tofauti hiyo ni hatua ya wazi? Ni mifupa mizuri ya kuandikia rufaa. Mwenye hataza katika kesi ile ya kwanza, iliyohusu ubao wa tanga, alishindwa, na kilichomwangusha ni chombo alichojitengenezea mvulana wa miaka 12 mwaka 1958 akakichezea baharini kusini mwa Uingereza. Nawakumbusha hili wanaodhani nyaraka za kitaalamu peke yake ndizo hatari.

Mbona hakuna aliyeitengeneza?

Tumerudi kwenye swali la fundi. Lina nafasi yake, mwishoni, kama ushahidi wa pembeni. Mfano ninaoupenda ni betri ya Adams, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966: magnesi na kloridi ya kikuprasi, ukimimina maji inaanza kutoa umeme. Vipande vyote vilijulikana. Wataalamu wa jeshi walipoonyeshwa hawakuamini kwamba ingefanya kazi, na baadaye jeshi lilikuja kuitumia. Wajuzi kutoamini siku zile ni ushahidi mzito kwamba jambo halikuwa wazi.

Kwa jiko letu, leta hitaji la muda mrefu na majaribio ya wengine yaliyoshindwa, yakiwa na tarehe. Mauzo ni dhaifu zaidi: lazima uonyeshe watu walinunua kwa sababu ya wenzo ule, si kwa sababu ulilipaka rangi nyekundu na kuliuza bei ya chini. "Hakuna aliyeitengeneza" pasipo kuonyesha kwamba kuna aliyejaribu au aliyehitaji, hakuna uzito.

Siku yenyewe

Andika sababu za rufaa chache. Mbili zenye meno zinatosha. Ya tatu huwa ni ya kujifariji. Kila sababu itaje aya ya uamuzi inayopingwa. Ukirekebisha madai, usiongeze chochote ambacho hakikuwemo kwenye ombi la mwanzo, hata kama kila mtu chumbani anajua ulikimaanisha. Ukishindwa mbele ya Jopo, njia ya Mahakama Kuu ipo, lakini huko utakwenda na faili uliloliacha hapa, kwa hiyo ushahidi wako uingie sasa.

Mafundi hupenda kuja na jiko zima. Limetengenezwa vizuri, limepakwa rangi kwa ajili ya siku hiyo, na kila anayeliona huanza kuuliza linauzwa pesa ngapi. Liache kwenye gari. Kama lazima uingie na kitu, ingia na wenzo mmoja uliokaa nje ya moto mwaka mzima na springi moja iliyokaa ndani, uviweke mezani kimoja kando ya kingine, na usiseme lolote hadi uulizwe.